Beringi zinasifiwa bure

Mtu akitaka kukuonyesha ubora wa pedali ya dramu kubwa, huivuta nyuma ile nyundo inayoipiga dramu kwa kidole, akaiachia, kisha mnaitazama ikipepea mbele na nyuma. Ikichelewa kusimama, basi beringi, zile ringi zenye gololi ndani, ni safi na mjadala umefungwa. Mimi sianzii hapo. Nashika ekseli, yaani fito inayobeba nyundo, kwa vidole na kuitikisa kushoto kulia, halafu nahamia kwenye bamba la kukanyagia, pale linapoungana na kisigino cha pedali, yaani kipande cha chini kinachokaa kisigino cha mguu. Pakicheza, hiyo mipepeo yote hainisaidii kitu.

Beringi ya pedali ina maisha mepesi. Ekseli haimalizi hata mzunguko mmoja: inakwenda kipande cha duara na kurudi. Chukua beringi ya 608, ile ya viatu vya magurudumu, yenye tundu la milimita 8 na kipenyo cha nje milimita 22. Inastahimili maelfu ya mizunguko kwa dakika. Mguu mmoja ukipiga mapigo 400 kwa dakika tayari watu wanageuza shingo, na kwa beringi hiyo ni kazi ya kitoto. Kwa hiyo kulipia zaidi eti beringi ni ya kasi kubwa, sioni maana.

Adui yake ni mwingine. Kwa kuwa gololi zinakwenda na kurudi palepale, grisi inasukumwa pembeni na njia ya gololi inaanza kuchimbika vishimo vidogo. Hapo ndipo pedali inakuwa na mikwamo unayoisikia mguuni kabla ya sikio. Nikifungua pedali ya zamani, huigeuza ringi ya nje kidogo ili gololi zipate sehemu mpya. Na tafadhali, beringi yenye kifuniko cha mpira usiipulizie oili nyepesi; inaingia ndani na kuiyeyusha grisi iliyowekwa kiwandani.

Sasa kisigino cha pedali. Pedali nyingi zina beringi nzuri juu, lakini bawaba ya chini ni pini tu ndani ya tundu, labda na bushi (kibomba cha kuzuia msuguano) ya plastiki. Bushi ikilika, bamba linayumba upande, na anayepiga kwa kuzungusha kisigino cha mguu atahangaika kuliko wote. Wenye pedali ambayo bamba linavuta ekseli kwa fimbo badala ya mnyororo nao wasijidai: fimbo ina kiungo kila ncha, na kila kiungo ni mahali pengine pa kuanza kucheza.

Uzito wa pedali mguuni nao beringi husingiziwa. Gurudumu la kwenye ekseli linalovutwa na mnyororo likiwa duara kamili, mvuto ni uleule mwanzo hadi mwisho. Likiwa na umbo la yai, nyundo inaongeza kasi karibu na ngozi ya dramu na mguu unahisi mabadiliko. Hiyo ni hesabu ya umbo, mafuta hayataibadilisha.

Kelele? Pedali ya Speed King ya Ludwig, iliyotoka 1937, ina springi zilizofichwa ndani ya nguzo zake, na inajulikana kwa kulia. John Bonham, mpiga dramu wa bendi ya Led Zeppelin, aliipiga hivyohivyo, na mlio wa pedali umo kwenye rekodi za bendi hiyo.

Ningepewa beringi mbili tu za kuweka kwenye pedali yoyote, zote ningezipeleka kwenye kisigino, na ekseli ningeiachia bushi nzuri ya shaba.