Jinsi Nilivyofanikiwa Kuwaona Kasa Wakianguliwa Kisiwani Juani

Safari yangu ya kwanza kwenda Kisiwa cha Juani, wilayani Mafia, kuwaona kasa wakianguliwa haikufanikiwa. Nilikuwa na siku mbili tu za mapumziko, nikamlipa mtu aliyenihakikishia kwamba katika miezi ya Juni hadi Septemba kasa huonekana kila siku, nikaketi mchangani kwa saa mbili nzima hadi nahodha alipotuita kwa sababu maji yalikuwa yanakupwa. Baadaye nilielewa kwamba siku ile hapakuwa na kiota hata kimoja kilichofikia wakati wake, na kwamba yule niliyemlipa hakuwa amewauliza wanaojua. Mwaka uliofuata nilijipanga upya, nikamchukua na shangazi yangu, na safari hii nilianza kwa kuuliza.

Kasa uziwa, ambaye ndiye anayetaga kwa wingi Juani, hupanda ufukweni usiku, huchimba shimo kwa mapezi yake ya nyuma, hutaga mayai mia moja au zaidi, huyafukia, kisha hurudi baharini na hayarudii tena mayai hayo. Mayai hukaa mchangani kiasi cha siku 50 hadi 60, na muda huo hurefuka au kufupika kulingana na joto la mchanga. Joto hilohilo ndilo linaloamua jinsia ya watoto, kwani mchanga wenye joto zaidi hutoa majike na ule wa baridi hutoa madume. Basi anayetaka kuwaona wakitoka hana budi kujua mayai yalitagwa lini. Wanaojua ni wahifadhi wa kijiji, ambao hutembea ufukweni asubuhi kutafuta mburuzo wa kasa jike, wakakitambua kiota, wakaandika tarehe, na kama kiko chini mno kiasi cha kufikiwa na maji ya bamvua, wakayahamishia mayai mahali pa juu. Wanafanya kazi hii pamoja na shirika la Sea Sense, ambalo mizizi yake ni mradi wa kuhifadhi kasa na nguva ulioanzishwa Mafia mwaka 2001. Kwa hiyo swali nililouliza kwa simu, wiki tatu kabla ya kuondoka, lilikuwa hili: kati ya tarehe fulani na tarehe fulani, ni viota vingapi vinavyotarajiwa kuanguliwa? Niliambiwa vitatu, na nikapanga kukaa siku tano.

Tulipanda basi Mbagala hadi Nyamisati, na kutoka hapo tukavuka kwa boti hadi Kilindoni. Ulikuwa msimu wa kusi na bahari ilikuwa imechafuka, hivyo anayesafiri na mtu mzima namshauri abebe ndimu na asimlishe chakula kizito asubuhi hiyo. Kutoka Kilindoni tulichukua bajaji hadi Utende, ambako ndiko kwenye lango la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, hifadhi ya kwanza ya aina hiyo nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995. Ada hulipwa kwa siku, na Mtanzania hulipa kidogo sana akilinganishwa na mgeni kutoka nje; ni muhimu kuwa na kitambulisho mkononi.

Siku ya kwanza wahifadhi walituambia tusubiri, tukasubiri. Siku ya pili tulivuka tukakuta kiota kimeshaanguliwa usiku: pale palipokuwa pamefukiwa palikuwa pamebonyea kama sahani, na kutoka hapo mistari myembamba mingi ilitawanyika kuelekea majini, kama mtu aliyepitisha kitana juu ya mchanga. Nilivunjika moyo, nikikumbuka mwaka uliotangulia. Shangazi yeye aliifuata mistari ile polepole, mmoja baada ya mwingine, hadi pale mawimbi yalipokuwa yameifuta, akasema, "Mwanangu, hawa wamefika salama. Ulitaka nini zaidi?"

Siku ya tatu mhifadhi alitupigia simu asubuhi, akasema mchanga juu ya kiota cha pili umeanza kushuka, nasi tuwe kwenye mashua saa tano, si baada ya hapo. Ghuba ya Chole, ambayo huvukwa kutoka Utende kwenda Juani, hukauka sana maji yanapokupwa, na mashua iliyochelewa haifiki Juani, au ikifika haitoki. Ndiyo maana saa ya kuondoka hupangwa na maji, wala haihusiani na saa ambayo mgeni amemaliza kunywa chai. Kijana aliyetuongoza alimwamkia shangazi, "Shikamoo bibi," akamshika mkono kumwingiza chomboni, na tulipokuwa njiani shangazi akamwambia jambo ambalo hata mimi sikuwahi kulisikia. Yeye amezaliwa Kilwa Kivinje, na utotoni mwake kasa alikuwa kitoweo cha kawaida. Mayai yake walikuwa wakiyachemsha na kuyala kwa chumvi. Yule kijana hakumkemea. Alimjibu kwa adabu kwamba hata babu yake hapo Juani alikuwa mvuvi wa kasa, na kwamba leo sehemu ya fedha anazolipa mgeni hurudi kijijini, kwa hiyo kiota kimoja kilichoachwa salama kinawafaa watu wengi kuliko sufuria moja ya mayai.

Mimi ningeongeza kwamba sheria imekataza kuwinda kasa na kuchukua mayai yao, na kwamba nyama yake inaweza kuwa na sumu isiyotoka hata ikipikwa. Mwezi Machi 2024 watu tisa, wanane kati yao wakiwa watoto, walifariki Pemba, katika kisiwa cha Panza, baada ya kula nyama ya kasa. Jambo hili linastahili kusemwa majumbani mwetu waziwazi, kwa sababu bado wapo wanaoamini kuwa nyama hiyo ni dawa ya nguvu.

Upande wa pili wa Juani, unaotazama bahari kuu, hufikiwa kwa miguu. Njia hupita katikati ya mashamba na vichaka, na ingawa kijana mwenye haraka huimaliza kwa nusu saa hivi, sisi tulitumia saa nzima, tukipumzika kila tulipopata kivuli. Ufukweni tulikuta chupa za plastiki na kandambili zilizotupwa na bahari, na kabla ya jambo lingine lolote tuliombwa tusaidie kuziondoa zote zilizokuwa kati ya kiota na maji. Kisha wahifadhi wakatengeneza njia, na hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Mtoto wa kasa ana gamba la sentimita tano tu, hivyo unyayo wa mtu kwenye mchanga mlaini kwake ni shimo. Akitumbukia humo hupigania kutoka huku jua likimkausha, na kaa au ndege humkuta hapohapo. Kwa hiyo walisawazisha mchanga kwa mikono kutoka kiotani hadi ulipolowana, wakatupanga pande mbili na nyuma, wakatuagiza tusivuke ule ukanda kwa sababu yoyote ile. Taa ya kamera ilizimwa, na hakuna aliyeruhusiwa kumgusa wala kumbeba mtoto yeyote, kwani kutambaa kwake mwenyewe hadi majini kunaaminika kumsaidia kuutambua ufukwe ambao, akiwa jike na akijaliwa kukua, ataurudia kutaga baada ya miaka ishirini au zaidi.

Tulikaa kimya. Kwa muda mrefu hapakuwa na lolote isipokuwa upepo wa kusi na ngurumo ya mawimbi kwenye mwamba. Kisha mchanga ukatikisika kidogo, ukatulia, ukatikisika tena kama uji mzito unaoanza kutokota, na kichwa kimoja kikajitokeza, cheusi, macho yakiwa yamefunikwa na chembe za mchanga. Alibaki hivyo bila kusogea kwa kitambo, hata nikadhani amekufa. Nyuma yake wakatoka wawili, wakatoka watano, kisha wote kwa pamoja, wakipandiana migongoni, mapezi yao yenye ukingo mweupe yakipiga mchanga. Hakuna aliyewaelekeza. Huifuata nuru ya upeo wa bahari, na hiyo ndiyo sababu taa za hoteli na za nyumba zilizojengwa karibu na fukwe huwapoteza wale wanaotoka usiku. Mmoja alipofika kwenye mchanga uliolowana wimbi lilimrudisha nyuma hatua tatu na kumpindua chali. Shangazi alinyoosha mkono, akakumbuka, akaurudisha. Yule mtoto alijigeuza, akaanza upya, na wimbi lililofuata likamchukua.

Walipokwisha kutoka, mhifadhi alisubiri kidogo, kisha akakifukua kiota kwa mikono mitupu hadi mkono wake ukazama mchangani kufikia kiwiko. Kazi hii hufanywa ili kuwaokoa waliobaki chini, na kweli aliwakuta wanne walionaswa na mizizi ya mimea, akawaweka juu ya mchanga nao wakashika njia. Kisha akatoa maganda na kuyapanga kumi kumi. Ganda la yai la kasa halivunjiki kama la kuku. Ni laini na hukunjamana kama karatasi iliyolowana. Shangazi alipewa moja alishike, akaliviringisha vidoleni kwa muda bila kusema neno. Mhifadhi aliandika katika daftari lake: maganda 108, mayai yasiyoanguliwa sita, waliokufa kiotani wawili.

Maji yalikuwa yameanza kurudi na ilitubidi tuondoke. Shangazi, aliyekuwa tayari ameshika fimbo yake, alimgeukia mhifadhi.

"Na kile cha tatu, mjukuu wangu, kinatarajiwa lini?"

"Ijumaa, bibi, Mungu akipenda."

Tiketi zetu za kurudi zilikuwa za Alhamisi. Tulipofika Utende jioni ile, kabla hata ya kunawa mchanga miguuni, nilipiga simu Kilindoni kuomba zisogezwe hadi Jumamosi.