Gunia la Meereen

Jana usiku, saa sita imeshapita, nimemaliza kuisoma A Dance with Dragons, juzuu ya tano ya riwaya za A Song of Ice and Fire, kwa mara ya pili. Mara ya kwanza niliifunga kwa hasira. Safari hii nimelala nayo kifuani. (Kama hujaisoma, ishia hapa, maana nitafichua mengi.)

Tuliokuwa tunangoja tunajua tulivyoteseka. George R. R. Martin alitoa juzuu ya tatu mwaka 2000. Ya nne ikaja 2005, haina hata sura moja ya wahusika tuliowapenda zaidi: Jon Snow, wala Tyrion, wala Daenerys. Hadithi ilikuwa imemrefukia mno, akaigawa kwa mahali: wa kusini huku, wa Ukutani, kule kaskazini, na ng'ambo ya bahari kule. Mwishoni akatuachia maneno ya kututuliza, kwamba anatumaini waliobaki watafuata mwaka unaofuata. Wakafuata Julai 2011.

Sasa mtu ana njaa ya karibu miaka sita, anapakuliwa, na alichopakuliwa ni Daenerys, malkia wa mji wa Meereen, ameketi barazani akisikiliza kesi. Kaka yangu alinipigia simu hata nusu hajafika. "Mdogo wangu, huyu ana majoka matatu. Anangoja nini?" Nikamwunga mkono. Tena yapo ambayo mpaka leo sijayasamehe: vita viwili vikubwa vinaandaliwa kitabu kizima, kimoja kwenye theluji karibu na ngome ya Winterfell, kingine nje ya kuta za Meereen, halafu kitabu kinaisha kabla havijapiganwa. Juzuu ya sita bado haijatoka.

Lakini kwa Daenerys nilikosea. Mapema kabisa wachungaji wanamletea mifupa ya kondoo, kila mmoja akidai fidia ya mnyama aliyeliwa na joka. Anaamuru walipwe. Watu wakishaondoka anabaki mwanamume mmoja asiyesema kitu. Anamwaga gunia lake sakafuni. Mifupa imevunjika, imeungua, na si ya kondoo. Ni ya binti yake. Hazzea, miaka minne.

Zamani nilipita hapo mbio kwa sababu nilitaka vita. Safari hii niliweka kitabu chini, nikaenda kunywa maji. Ukishaona gunia lile, mengine yote yanaeleweka: kuwafungia majoka wawili shimoni, kukubali kuolewa na mtu asiyempenda ili mauaji ya mitaani yakome. Anangoja nini? Anawaita majoka wale wanawe, na mmoja amemla mtoto wa mtu. Kuuteka mji kulimchukua muda mfupi. Kuutawala ndiko kunakommaliza, na mwandishi hakutaka turuke hata siku moja ya kumalizika kwake.

Halafu kuna Theon, aliyeisaliti Winterfell na sasa ni mateka. Tazama vichwa vya sura zake tu. Tatu za kwanza zinaitwa Reek, jina la uvundo alilobandikwa na mtesaji wake, na tunamkuta gizani akitafuna panya mzima mzima, meno mengine hana, vidole vingine hana. Kisha anaitwa Mwanamfalme wa Winterfell, kisha Msaliti, kisha Mzimu. Sura ya saba, kichwa kinasema Theon. Nilikaa naukodolea macho ukurasa ule kabla hata sijasoma mstari wa kwanza. Baadaye anapelekwa mbele ya dada yake Asha, naye hamtambui, anaona mzee wa mvi. Theon ndiye anayemwita dada, kwamba safari hii amemtambua, kisha analirudia jina lake mwenyewe.

Sura hizo saba peke yake zinatosha kwangu kuitetea juzuu hii mbele ya yeyote.

Leo asubuhi nimemwandikia kaka: rudia za Theon tu, kisha tuongee. Kajibu kwamba nakala yake alishaigawa siku nyingi. Jumamosi nampelekea yangu.