Nilivyobana paleti ghalani bila kuzika mzigo wa zamani

Nilipokabidhiwa ghala la vyakula na vinywaji, sehemu kubwa ya sakafu ilikuwa njia za foklifti tu. Rafu zilikuwa zile za kawaida, ambazo kila paleti, yaani jukwaa la mbao la kubebea mzigo, hufikiwa moja kwa moja kutoka njiani, na ingawa mpangilio huo ni rahisi kuusimamia, msimu wa mauzo ulipopamba moto maji ya chupa yalilala nje chini ya turubai. Uongozi ulitaka nafasi zaidi bila kujenga ukuta hata mmoja.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuhesabu nafasi na kusahau tarehe. Nilipendekeza rafu za kuingia ndani, yaani zile ambazo foklifti hupenya katikati ya nguzo na kuacha paleti moja mbele ya nyingine juu ya reli. Zetu zilikuwa na kina cha paleti sita na ngazi tatu kwenda juu. Nafasi zilipatikana kweli. Lakini humo paleti iliyoingia mwisho ndiyo hutoka kwanza, na haikupita miezi mingi kabla hatujakuta nyuma kabisa paleti za juisi zilizobakiza wiki mbili tu kufikia mwisho wa matumizi, ilhali wateja wetu hawapokei bidhaa yenye muda mfupi kiasi hicho.

Ndipo nilipokaa na daftari. Kwa kila bidhaa niliandika bechi moja, yaani mzigo uliotengenezwa kwa pamoja, huingia na paleti ngapi, hutoka ngapi kwa siku, na hudumu muda gani kabla ya kuharibika. Hesabu hiyo ningepaswa kuifanya kabla ya kununua hata nguzo moja, kwa sababu foklifti haiwezi kuifikia paleti ya ndani, hata ikiwa ngazi ya juu, endapo mbele yake kuna mzigo kwenye ngazi ya chini unaoziba njia. Hivyo safu nzima ya paleti kumi na nane inafaa iwe ya bidhaa moja na, ikiwezekana, bechi moja. Bidhaa inayoingia paleti tano huacha nafasi kumi na tatu zilizo tupu lakini hazitumiki. Kwenye mchoro wa muuzaji nafasi hizo zote huhesabiwa kuwa faida.

Tuligawa upya. Maji na soda, ambavyo huja kwa bechi kubwa, vilibaki katika rafu za kuingia ndani kwa sharti kwamba safu haijazwi tena mpaka iwe imekwisha kabisa. Juisi na maziwa tulivihamishia kwenye rafu za mteremko, ambazo paleti hupakiwa upande wa juu, huteleza zenyewe juu ya roli huku breki zikipunguza kasi, na kuchukuliwa upande wa pili, kwa hiyo iliyotangulia kuingia ndiyo hutangulia kutoka. Bidhaa za wastani zilipata rafu za kusukuma, ambazo paleti mpya huisukuma nyuma iliyotangulia, zenye kina cha paleti tatu.

Rafu za mteremko zilinifunza kuheshimu mbao. Paleti yenye ubao wa chini uliovunjika hukwama katikati ya roli na kuzuia zote zilizo nyuma yake, na anayepanda humo kuisukuma anaweza kusagwa mzigo utakapoachia ghafla. Nilipiga marufuku jambo hilo, nikaweka mtu mlangoni wa kukagua kila paleti na kukata mikia ya plastiki ya kufungia kabla mzigo haujapanda. Madereva walinung'unika kwamba upokeaji umekuwa wa polepole, na walikuwa na haki, ila kukwama kulipungua hadi tukakusahau.

Turubai la nje limekunjwa. Viungo na bidhaa nyingine zinazotoka paleti moja moja bado nimeziacha kwenye rafu za kawaida, ingawa kila mkuu wangu apitapo hapo huniuliza kwa nini njia ile ni pana namna hiyo.