Nilivyoanza kutunza dizeli ya trekta nyumbani baada ya maji kuniharibia pampu

Habari za kazi ndugu zangu wakulima. Mimi nalima mahindi na alizeti Kiteto huku Manyara, nina trekta moja Massey Ferguson 375 niliyoinunua ikiwa imeshatumika, tukimaliza shamba letu tunawalimia na majirani kwa eka. Sheli ya karibu na mimi ni kilometa 40 hivi na barabara ni ya vumbi, mvua ikianza ndo tope lenyewe unalolijua. Kwahiyo mtu wa huku hana namna, lazima uweke mafuta nyumbani, la sivyo unaenda kununua kwa wale wanaouza kwa madumu kijijini, kwangu walikuwa wanazidisha kama shilingi 500 kwa lita na mafuta yenyewe hujui yamepita wapi.

Msimu wa kwanza nilifanya kama nilivyoona wengine wanafanya. Nikatafuta pipa la lita 200, nikaliweka nje pembeni ya ukuta, limesimama wima, vifuniko viko juu, nikajaza dizeli nikaona nimemaliza. Mvua za Desemba zikaja, siku ya tatu ya kulima dreva ananipigia simu, "Bosi, trekta inakosa nguvu, inafuka moshi mweupe halafu inazima." Tukatoa upepo, tukalegeza nati pale kwenye filta tukapampu mpaka mapovu yakaisha, ikawaka, ikaenda mistari miwili ikazima tena. Fundi alipofika kitu cha kwanza alifungua kile kikombe cha kioo chini ya filta, akakimimina kwenye chupa ya maji ya kunywa akanionesha, nusu ni maji na chini kuna kutu na kitu cheusi kinateleza kama kamasi. Akaniambia, "Mzee, pampu yako imekunywa hii."

Pampu ya dizeli ya injini na nozo, zile zinazopuliza mafuta ndani ya injini, zikapelekwa Dodoma, zikakaa siku 9. Siku 9 za mvua nzuri! Majirani waliokuwa wameshalipa nusu wakaenda kwa trekta nyingine na mimi eka zangu 12 nilizipanda zimechelewa, mavuno ya zile eka mpaka leo nikikumbuka roho inauma.

Mwanzoni nilijua kabisa ni muuzaji kaniwekea maji. Lakini fundi alinipeleka mpaka kwenye pipa akanionesha kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Pipa likisimama nje pale juu kwenye ukingo panakaa maji ya mvua, mchana chuma kinapata joto hewa ya ndani inatanuka inatoka, usiku kukipoa ile hewa inasinyaa na pipa linavuta, na kama kifuniko kimezungukwa na maji basi linavuta maji, kidogo kidogo kila usiku, hata kama umekaza kifuniko kwa spana. Halafu pipa likiwa nusu tupu hewa iliyobaki ina unyevu, baridi ya usiku inaufanya uwe matone kwenye kuta za ndani, yanateremka chini kwasababu maji ni mazito kuliko dizeli. Na kile cheusi kinachoteleza ni vijidudu, vinaishi pale katikati maji yanapokutana na dizeli. Ukiondoa maji na vyenyewe havina pa kuishi.

Sasa nilivyojipanga upya.

Nilijenga kibanda cha mabati juu tu, pembeni wazi hewa ipite, hatua kama 25 kutoka nyumbani na mbali na jiko la kuni. Hii ilikuwa sharti la mama watoto na alikuwa na haki, maana tangu lile lori la mafuta lilipolipuka pale Msamvu Morogoro Agosti 2019, watu zaidi ya 100 wakafariki, akisikia mafuta nyumbani hataki. Nilimweleza yale yalikuwa petroli na dizeli haishiki moto kirahisi vile, akanijibu, "Baba Neema, ikishashika itauliza ni dizeli au petroli?" Basi petroli ya bodaboda hailali kwenye kile kibanda hata dumu moja, hakuna sigara, hakuna kuchaji simu pale, na kuna ndoo mbili za mchanga mkavu na mtungi wa unga wa kuzimia moto. Maji hayamwagwi kwenye moto wa mafuta, dizeli inaelea juu inatembea na moto, hili nimewaambia hadi watoto.

Mapipa ninayo mawili na hii ndo siri kubwa ya mambo yote. Moja linatumika, lingine limetulia. Mafuta yakifika kutoka sheli yanaingia kwenye lile tupu na hayaguswi siku mbili nzima, uchafu na maji vishuke chini vyenyewe. Zamani yalikuwa yanashushwa saa nne, saa tano yako kwenye trekta, yaani tulikuwa tunamwaga tope moja kwa moja kwenye tenki.

Chini ya pipa upande mmoja nimeweka kipande cha tofali likae limeinama kidogo. Maji yote yanakimbilia upande wa chini, na pampu ya kuzungusha kwa mkono nimeifunga upande wa juu, bomba lake nimelikata lisifike chini kabisa, limebaki kama sentimita 8. Zile lita za chini hazipandi kwenye trekta kamwe. Kila mwezi naingiza mpira mwembamba unaoona ndani upande ule ulioinama, navuta kwa kipampu kidogo mpaka ianze kuja dizeli safi. Mara ya kwanza nilitoa karibu lita 3 za maji, siku hizi unakuta kijiko au hamna.

Pipa lenyewe nalo chagua. Langu lilikuwa la oili, nikalisuuza na dizeli lita 5 mara mbili nikalianika. Usichukue lililokuwa na dawa za shamba, na usihifadhi dizeli kwenye chombo kilichopakwa zinki, ile zinki inachanganyika na mafuta na inakuja kuziba filta na nozo. Na tafadhali sana, pipa lililowahi kuwa na mafuta hata likiwa tupu miaka miwili usilipeleke kwa fundi wa kuchomelea alikate, mvuke uliobaki ndani unalipuka unaua mtu.

Niliwahi kujaribu na ile ya kulaza pipa juu ya miti ili mafuta yashuke yenyewe kwa koki. Ni raha kweli, huzungushi pampu, ila pipa lililojaa ni kilo 170 za dizeli bado chuma chenyewe, na huku kwetu mchwa hawachelewi, nguzo moja ikaliwa kwa ndani bila kuonekana na jukwaa likaanguka usiku. Bahati pipa lilikuwa karibu tupu na hapakuwa na mtu. Mwenye uwezo wa kuchomelea chuma kizuri afanye, mimi nimerudi kwenye pampu ya mkono.

Kunyonya kwa mdomo nimepiga marufuku kabisa. Utingo wangu alinyonya mpira siku moja akapaliwa, dizeli ikaenda njia ya hewa, akakohoa usiku kucha, zahanati wakasema vizuri hatukumtapisha maana ingeingia mapafuni zaidi. Kijana wa watu, miaka 19, niliogopa sana siku ile.

Kujaza trekta tunajaza jioni baada ya kazi. Zamani tulijaza asubuhi, tenki linalala tupu linatengeneza maji usiku mzima. Sasa injini inazimwa, inaachwa ipoe, dreva anafuta vumbi lote kuzunguka kifuniko kabla ya kukifungua, tunajaza mpaka ibaki nafasi ya vidole vinne dizeli ipate pa kutanukia. Funeli ina wavu mwembamba wa chuma, tulikuwa tunatumia kipande cha fulana lakini kinaacha nyuzi na zinaishia kwenye filta. Asubuhi kabla ya kuwasha anafungua koki ya kile kikombe cha kioo anatoa kidogo, sekunde chache tu.

Upande wa hesabu, nilichukua fimbo iliyonyooka, nikawa namimina dizeli lita 20 zilizopimwa na kuweka alama, kwenye pipa langu kila lita 20 ni karibu sentimita 8. Fimbo inaingia kwenye tundu lilelile siku zote kwasababu pipa limeinama. Nachovya asubuhi na jioni, naandika kwenye daftari lita na eka. Kwa jembe la diski udongo wetu unakula lita 7 mpaka 8 kwa eka, ikifika 10 najua ama udongo umekauka ama kuna mahali mafuta yanaenda. Dreva mwenyewe ndo anayependa daftari kuliko mimi, linamlinda asishukiwe. Halafu mjue dumu la lita 20 likijazwa mpaka mdomoni linachukua hadi 22, wengi tunagombana na watu wa sheli bure kwa hili.

Kununua, EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wanatoa bei kikomo mpya Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwahiyo nasubiri niione kabla ya kukodi gari. Sheli ninayokwenda hawajazi mapipa mpaka uje na barua ya mtendaji wa kijiji kwamba ni ya kilimo, naichukua mapema.

Kazi iliyobaki ni sakafu, saivi ni udongo tu na dizeli ikidondoka inazama na kisima chetu hakiko mbali. Simenti mifuko miwili nimeshanunua, nataka nimwage na kuinua kingo pembeni kama beseni, ikauke kabla mafuta ya Novemba hayajaja.