Siku moja maishani mwangu: nachumia kobe majani Karen

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nashuka matatu ya 111 pale Karen, Nairobi, baridi ya Julai imekolea mpaka kwenye vidole. Jumamosi barabara iko wazi, kwa hivyo nafika kazini mapema. Mimi ni mtunza bustani, na katika bustani hii kuna kobe wawili wa madoa, wale wenye gamba kama ngozi ya chui. Kibali chao cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kiko ndani ya nyumba, maana kobe wa porini hafugwi hivi hivi tu hapa Kenya. Kazi ya kuwalisha ni yangu, na ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote.

Saa moja. Bado wamelala kibandani, vichwa vimezama ndani ya gamba. Siwaamshi. Kobe hutegemea jua kupata joto, na akiwa baridi chakula hakisagiki vizuri tumboni. Asubuhi hii natumia muda kukagua ua wao, kwa sababu ndege huleta mbegu na mvua huziotesha bila kuniuliza. Leo kando ya bomba nimekuta mranaha mchanga, majani manne tu, yenye meno pembeni. Nalisugua moja na kunusa: ile harufu nzito inayochefua. Naung'oa na mizizi yake. Mranaha ni sumu kuanzia mzizi hadi mbegu.

Saa mbili. Natoka na ndoo kuchuma, na hapa ndipo ninapokaa sana.

Nilipoanza kazi hii nilifundishwa kwamba mmea ukitoa maziwa, usimpe mnyama. Kanuni rahisi, na kwa mnyaa wa kwenye ua wa jirani ni kweli kabisa: utomvu wake huchoma mdomo na unaweza kupofusha macho. Lakini mchunga nao hutoa maziwa, na mchunga ni chakula kizuri sana cha kobe. Halafu mlantana hautoi maziwa hata tone, lakini huharibu ini la ng'ombe. Ukifuata ile kanuni utawanyima kobe chakula chao na kuwapa sumu siku hiyo hiyo.

Kwa hivyo nachuchumaa. Kwenye kitalu cha sukuma wiki kuna magugu mawili yanaota bega kwa bega, yote yanatoa maziwa nikiyakata. La kwanza majani yake yamelikumbatia shina, kila jani lina masikio mawili nyuma, shina lina tundu katikati kama mrija, na juu kuna ua la manjano. Huo ni mchunga, naingiza kwenye ndoo. La pili ni fupi, vijani laini vya mviringo, na ukitafuta ua unakuta vijikombe vya kijani visivyo na petali hata moja. Hilo ni la jamii ya mnyaa. Nalitoa na kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kitu kingine.

Saa tatu na nusu. Jua limepiga ukuta, wanatoka mmoja mmoja. Sehemu kubwa ya mlo wao ni nyasi, nao wanazikata wenyewe. Juu yake naongeza nilichochuma: mchunga, kishonanguo kabla hakijatoa miiba yake ya kunasa nguo, majani ya mforosadi, majani na maua ya haibiskasi. Leo kuna pia jani la mpungate, ambalo nimelipitisha motoni kwanza mpaka vile vijiiba vidogo kama nywele vikaungua vyote. Dada wa jikoni ameniletea spinachi kwa moyo mzuri. Namshukuru na kumweleza tena kwamba si ya kila siku, kwa sababu ina oksaleti nyingi, kemikali inayoshika kalisi (kalsiamu), na kobe anahitaji kalisi kujenga gamba. Maganda ya parachichi nimeyakataa kabisa, na majani yake pia.

Saa tano. Mama Neema, mwenye nyumba, amerudi na miche ya kupanda kuzunguka ua wa kobe.

"Baba Brayo, angalia huu ulivyo mzuri. Aliyeniuzia amesema wanyama hawana shida nao."

Ni mzuri kweli. Kichaka kimoja kina maua ya zambarau iliyokolea, mengine zambarau iliyofifia, mengine meupe pepe. Ndio ule mmea unaoitwa jana, leo na kesho, kwa sababu ua lile lile hubadilika rangi siku baada ya siku. Jina lake la kitaalamu ni brunfelsia, na umeua mbwa wengi.

"Mama Neema, huu tuupande kule mbele karibu na geti. Kobe hawafiki kule, na mbwa hatuna."

"Lakini si mnyama anajua mwenyewe asichopaswa kula?"

Swali hili naulizwa mara nyingi, na silidharau. Porini kobe hutembea mbali na kuchagua kati ya mimea mingi. Ndani ya ua anakula kilicho mbele yake. Aliyemfungia ndiye anayemchagulia. Tumeupanda getini.

Saa nane. Neema amenifuata na kitu mkononi. "Anko, hili je?" Tunafungua daftari letu, ambamo tumebandika majani makavu kwa selotepu. Hatuandiki jina la mtaani peke yake, maana jina moja hubeba mimea mitatu ukivuka mtaa. Tunachora jani na ua, na kuandika utomvu na harufu. Lake halimo. Jani jembamba, nywele chache, halina ua. Anaomba tuwape kobe kipande kidogo tu tuone. Namwambia hapana, na tunauacha mmea wake uendelee kukua nje ya ua.

Saa kumi. Nawapima kwenye mzani, naangalia kinyesi: kimeshikana, kina nyuzi za nyasi. Vizuri.

Saa kumi na moja. Jike ameingia kibandani, kipande chekundu cha haibiskasi kimemganda mdomoni. Nafunga mlango. Kabla ya kuondoka Neema amechomeka kijiti karibu na ule mmea tusioujua. Ukitoa ua tutaukata tawi, tulikaushe kati ya magazeti, nami nitalipeleka Makumbusho ya Taifa, kwa wataalamu wanaohifadhi mimea iliyokaushwa, watuambie ni nini.