Nilivyotundika shuka la viraka la mama chumbani kwa binti yangu

Mama yangu alilishona Tanga kwa cherehani ya mkono, kutokana na kanga zilizochakaa za wanawake wa nyumba ile: zake mwenyewe, za bibi na za shangazi zangu. Katikati kuna kipande cha kisutu alichoolewa nacho. Kona moja ina kanga ya CCM ya 1977, mwaka chama kilipozaliwa, na pembeni yake limekaa pindo la kanga ya Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo kilichoanza kazi mwaka 1968 kwa msaada wa Wachina. Mgongoni aliweka marekani, na ndani akajaza blanketi kuukuu. Sote tulilipitia utotoni. Mimi kitindamimba nililipata likiwa limeshalainika.

Lilipoletwa kwangu Dar nililiinua dirishani nikaona mwanga unapenya katikati, pale kanga zilipokwisha. Binti yangu yuko darasa la kwanza na hulala kwa mateke. Nikaona lisiende kitandani, liende ukutani.

Nikampigia mama.

"Nguo ya kulalia uitundike, kama picha ya rais?"

Nikamweleza lilivyochakaa. Akanyamaza kidogo, akasema: "Haya baba. Lakini liwe la kushushika. Mjukuu wangu akitaka kulishika, alishike."

Sharti hilo liliua wazo la mke wangu la kulitia kwenye fremu ya kioo. Mwenyewe sikulipenda tangu mwanzo, maana kwa joto na unyevu wa pwani kitambaa kilichobanwa na kioo hutoa jasho, na baada ya jasho ni ukungu. Halafu fremu ya ukubwa ule ni mzigo wa kumwangukia mtoto.

Nilianza na kufua. Kanga nyekundu haziaminiki hata zikiwa za zamani, kwa hiyo nililowesha kitambaa cheupe nikakisugua taratibu juu ya kila rangi. Hakikuchukua kitu, nikaingia kazini: beseni kubwa, maji baridi, sabuni ya maji kidogo, kukandamiza kwa viganja bila kufikicha. Kukamua ni marufuku. Kamba pia ni marufuku, kwa sababu blanketi la ndani likishalowa huwa zito, na uzito huo wote ungening'inia kwenye mishono ya zamani. Nililitandaza juu ya mkeka barazani, kivulini, nikaligeuza mara kwa mara. Jirani aliuliza kama tuna msiba, alivyoona mkeka umetandikwa nje.

Kazi yenyewe hasa ni namna ya kulining'iniza. Watu wengi hupiga misumari kwenye pembe mbili, na baada ya muda katikati panabonyea, pembe zinachanika. Pini nazo, kwa hewa yetu ya chumvi, huota kutu na kuacha doa lisilotoka. Nilimpelekea fundi cherehani wa mtaani kwetu kipande cha marekani, nikamwomba atengeneze mfuko mrefu wa kupitisha bomba la pazia, upana wa sentimita 10 hivi, uende upande mzima wa juu kwa nyuma. Akataka kuupiga kwa mashine. Nikamsihi aushone kwa mkono, sindano ikamate kitambaa cha mgongoni na blanketi la ndani tu, isitokeze mbele kwenye kanga. Na mfuko usikazwe. Uachiwe ulegevu kidogo ili bomba lijipatie nafasi upande wa nyuma, vinginevyo mbele panatokea mstari uliotuna. Alinung'unika kwamba kazi ya mkono haina bei nzuri, lakini aliifanya kwa mishono midogo sana, mizuri kuliko ya mashine. Mfuko aliugawa vipande viwili akaacha pengo katikati, na hapo kinaingia kishikio cha tatu ili bomba lisipinde.

Ukuta niliouchagua ni ule wenye dirisha lenyewe. Unaotazamana na dirisha hupigwa na jua la asubuhi, na jua ndilo adui mkubwa wa rangi za kanga. Juu ya kitanda sikutaka kabisa: mtoto akiamka usingizini akavuta, bomba linamshukia kichwani. Basi liko upande wa meza yake ya kusomea, vishikio vimefungwa kwa skrubu zilizoingia ukutani kwa drili. Ncha ya chini inafika usawa wa kifua chake, kwa hiyo anaweza kulishika bila kupanda kitu.

Hapo ndipo lilipoanza kufanya kazi ambayo sikuitegemea. Mama alipanga viraka kwa rangi, wala hakujali maandishi, kwa hiyo majina ya kanga yamekatika na mengine yamepinduka. Kuna WEMA HAUO, basi. Kuna kipande kimoja karibu na chini kinachoanza katikati ya neno: DI HANA SABABU. Binti yangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anaunganisha silabi, alikipinda kichwa jioni moja akasoma kwa kidole.

"Baba, nani hana sababu?"

Mke wangu akacheka hadi akakaa chini. Nikasema aulizwe bibi. Mtoto akashika simu, shikamoo, marahaba mjukuu wangu, akauliza. Mama akamjibu kwamba ni hasidi, na kwamba kanga ile aliinunua makusudi ili mwanamke fulani wa nyumba ya pili aisome akipita kisimani. Jina hakulitaja. Tangu hapo kila kiraka kina kesi yake, na simu za Tanga zimeongezeka. Mengine si ya kusikiwa na mtoto, nikiisikia sauti ya mama inashuka najua nimchukue simu.

Masika yakikaribia nalishusha. Hulizungusha kwenye bomba lenyewe na kitambaa cheupe cha pamba, nikaliweka juu ya kabati. Kulikunja ni kulitafutia mstari wa kuchanikia, na mfuko wa plastiki ni mlango wa ukungu. Kabla halijarudi ukutani mama ameagiza lifukizwe udi, na ameshatuma udi wenyewe pamoja na chetezo, eti vya Dar haviamini.

Safari hii nataka mfuko wa pili upande wa chini, ili liweze kutundikwa kichwa chini miguu juu na uzito usielemee upande mmoja miaka yote. Binti yangu hakubali: DI HANA SABABU itapanda juu asikofika. Tumeshindwa kuelewana, kwa hiyo amesema atampigia bibi. Fundi ameniambia nilete Jumamosi.