Kabureta ya Honda CG125 ya zamani, kabla hujaitupa

Naandika hii kwa sababu inaniuma kuona kabureta nzima (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa) zinatupwa. Mtu ana CG125 ya miaka ya 1980, pengine kaachiwa na baba yake, pengine ilikuwa ya mradi fulani wa kilimo ikauzwa kwa mnada, siku moja inaanza kumisi, fundi anazungusha skrubu mbili tatu, haieleweki, basi jibu linakuwa moja tu: kabureta imekufa, nunua mpya. Hiyo mpya ni kopi, haikai muda inaanza kuvuja, na ile original ya Keihin, kampuni ya Kijapani, yenye chuma kizuri ishaenda kwa wauza skrepa.

Hii pikipiki Honda waliitoa katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi kama zetu, ndo maana valvu zake zinasukumwa na fito badala ya cheni, ili ivumilie kuchelewa sevisi na oili iliyochoka. Na hizi bodaboda nyingi za Kichina za 125 na 150 zimebeba injini ya ukoo huohuo, kwa hiyo hata kama huna Honda soma tu, mambo karibu yote yanafanana.

Sasa, kitu ninachokiamini kabisa ni hiki: kabureta yenyewe inakuambia wapi inaumwa, ila ukiwahi na bisibisi unaizima mdomo. Na mara nyingi hata siyo yenyewe. Unakuta tapeti (nafasi ndogo ya valvu) zimebana, asubuhi unapiga kiki mpaka jasho, alafu lawama zote kwa kabureta. Injini ikiwa baridi pima kwa fila geji (vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), CG125 inataka milimita 0.08 kwenye valvu zote mbili, ni kazi ya nusu saa. Au mfuniko wa tenki, kile kitundu cha hewa kimeziba vumbi, pikipiki inakwenda vizuri kilomita kadhaa inazima, ukikaa dakika tano inawaka tena inaondoka. Ikizima hivo fungua mfuniko palepale barabarani, ukisikia hewa inaingia fyuu na pikipiki ikawaka, umeshapata ugonjwa na hujagusa chochote. Angalia pia chujio la koki ya petroli, angalia plagi (aina ya D8EA, pengo milimita 0.6 mpaka 0.7), angalia ea klina, yani chujio la hewa. Haya yakiwa safi ndo tuongelee kabureta.

Kwenye mkono wa mafuta bandika kipande cha tepu, weka alama ya robo, nusu, na robo tatu, uende barabarani. Usiangalie spidi, angalia mkono uko wapi wakati tatizo linatokea. Silensa (injini ikiunguruma taratibu bila kuvuta mafuta) na mwanzo wa kuvuta ni kazi ya jeti ndogo, jeti ni kile kitundu cha kupitishia petroli, na ile skrubu ya pembeni ya kabureta. Kuanzia robo mpaka robo tatu hapo anatawala sindano iliyoning'inia kwenye slaidi, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta ukivuta mafuta. Kuanzia robo tatu mpaka mwisho ni jeti kubwa. Watu wengi wanabadilisha jeti kubwa wakati pikipiki inazima kwenye mataa, yani wanatibu goti wakati jino ndo linauma.

Kama haikai silensa mpaka uvute choki, asilimia kubwa ni jeti ndogo. Hii ni kajeti kembamba, ikiandikwa 38 maana yake tundu lake ni kama milimita 0.38, sasa fikiria petroli iliyokaa miezi inaacha gundi ya kahawia humo ndani. Ishike uelekeze kwenye mwanga wa jua, unatakiwa uone duara kamili, siyo nukta wala nusu mwezi. Ukiona mwanga hafifu haijasafishika. Na tafadhali msiingize waya wa chuma, shaba ya jeti ni laini, ukiichokonoa tundu linapanuka na hapo pikipiki itakula mafuta siku zote na hakuna skrubu ya kurudisha. Mimi natumia unyuzi mmoja wa shaba uliotolewa kwenye waya laini wa umeme, naloweka kwanza kwenye dawa ya kusafishia kabureta usiku mzima, alafu kompresa, na upulize pia vile vitundu vidogo ndani ya koo la kabureta karibu na slaidi, hivo ndo vinasahaulika. Kuna kabureta za kopi ambazo jeti ndogo imegongewa haifunguki, hiyo loweka na kupuliza tu, usiilazimishe.

Jambo la pili ambalo kwa pikipiki za zamani naliona sana ni hewa ya wizi. Pale kabureta inapofungwa na boliti mbili, miaka na miaka mafundi wamekaza kwa nguvu zote, uso wa kabureta umepinda katikati ukawa kama umebonyea, oringi (ule mpira wa duara wa kuziba) haishiki tena. Dalili yake silensa inapanda yenyewe na kushuka, na ukiachia mafuta ukiteremka mlima inapiga risasi kwenye ekzosi. Pikipiki ikiwa kwenye silensa nyunyizia maji kidogo pale kwenye maungio, mlio ukibadilika basi hewa inapita hapo. Dawa ni rahisi: kipande cha kioo, msasa laini juu yake, toa oringi, sugua uso wa kabureta taratibu kwa mzunguko mpaka alama za msasa zienee pote sawasawa, osha vizuri, weka oringi mpya, na safari hii kaza kwa adabu.

Alafu kuna uchakavu ambao hauponi kwa kusafisha. Sindano inacheza ndani ya mrija wake kila sekunde injini inapowaka, baada ya miaka thelathini lile tundu la mrija linakuwa la yai. Pikipiki inakuwa nzuri silensa, nzuri ukivuta mwisho, lakini katikati nzito, plagi nyeusi, mafuta yanaisha haraka. Ukishusha sindano kwa kupandisha kile kiklipu kinachoishikilia ngazi moja juu utapata nafuu kidogo tu. Hapo nunua sindano na mrija wake pamoja, seti, ukiweka sindano mpya kwenye mrija uliochakaa hujafanya kitu.

Kuset silensa, pasha injini kwanza, kabisa. Funga ile skrubu ya pembeni mpaka iguse (iguse tu, usikaze), rudisha mzunguko mmoja na nusu, alafu izungushe polepole kutafuta pale injini inapochangamka zaidi, shusha silensa kwa skrubu ya slaidi, rudia. Jua iko upande gani: ikiwa upande wa ea klina, kufungua ni kuongeza hewa, ikiwa upande wa injini, kufungua ni kuongeza mafuta. Kutokujua hili ndo kunafanya mtu azungushe mchana kutwa. Na rangi ya plagi isiwatishe sana, ile kahawia nzuri ya vitabu vya zamani ilikuwa enzi za petroli yenye madini ya risasi, ambayo Afrika kusini mwa Sahara iliachwa kufikia mwanzo wa 2006, siku hizi rangi inakuwa hafifu hata pikipiki ikiwa sawa. Nyeusi ya masizi makavu ni mafuta mengi, nyeupe kabisa ni hewa nyingi, hizo mbili bado ni za kuamini.

Mwisho kwa ndugu zangu wa nyanda za juu. Pikipiki iliyosetiwa Dar ukiipandisha Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa imepungua karibu asilimia 15 lakini jeti haipunguzi mafuta kwa kiasi hicho, kwa hiyo itakuwa nzito na kutoa moshi mweusi bila kuwa na ubovu wowote. Shusha jeti kubwa saizi moja au mbili, sindano ishushe ngazi moja. Zile jeti za zamani zifunge kwenye kimfuko uweke chini ya siti, maana siku unateremka nayo Dar ukaiendesha hivohivo kwa spidi kwenye joto la pwani, mafuta yatakuwa machache, injini itachemka na pistoni inaweza kuungua, kwa hiyo badilisha kabla hujaanza kuikimbiza huko chini.